Jua ndani ya nambari 9: kwa nini upande wa kivuli unageuka buluu

Swali: Mimi na mwenzangu tunatengeneza gemu ya matatu ya kuchezwa kwenye simu, hapa Umoja, Nairobi. Nilipanda juu ya paa jioni, jua likikaribia kuzama, nikapiga picha ya HDR (inayohifadhi mwanga mkali na hafifu kwa pamoja) ya pande zote, kisha nikaigeuza kuwa hamoniki za tufe hadi daraja la 2 ili hata simu za bei ya chini ziimudu. Upande wa gari unaotazama jua unapendeza sana. Shida iko kivulini. Pembe za nyuma zina ukanda mweusi wenye ubuluu, mchoro mwekundu unakuwa kama makaa, halafu ubavu wenyewe, ambao jua liko nyuma yake kabisa, unang'aa kidogo kwa rangi ya machungwa kana kwamba kuna jua la pili. Nimepitia kodi mstari kwa mstari. Je, kosa ni langu au ni la hesabu? Na nikiongeza daraja, itaisha?

Jibu: Ndugu yangu, dalili zote tatu ulizoeleza zinatoka kwenye hesabu, na chanzo chake ni kimoja: jua limo ndani ya picha uliyoigeuza. Ukilitoa humo na kuliwasha kivyake, karibu yote yataisha. Kuongeza daraja kutakugharimu kuliko kutakavyokufaa. Naomba univumilie nipite kwenye nambari zenyewe, maana ndizo zinazoonyesha kwa nini ukanda ule umetokea penye pembe za nyuma na si penginepo.

Hamoniki za tufe zinahifadhi mwanga wa pande zote kwa nambari chache. Daraja la 0 lina nambari 1, nayo ni wastani wa mwanga wote. Daraja la 1 lina 3, zinazosema mwanga umeelemea upande gani. Daraja la 2 lina 5, zinazoongeza umbo kidogo. Jumla ni 9, na ukizidisha kwa nyekundu, kijani na buluu unapata 27. Zinatosha kwa sababu uso usiong'aa hauoni picha ya mazingira kwa undani. Unakusanya mwanga wa nusu nzima ya tufe, kila mwelekeo ukipimwa kwa kosaini yake, na katika kukusanya huko mambo madogo madogo yanapotea. Kihesabu, daraja la 0 linazidishwa kwa π, la 1 kwa 2π/3, la 2 kwa π/4. La 3 linazidishwa kwa sifuri, yaani linafutika kabisa, na la 4 kwa −π/24, ambayo ni ndogo. Watafiti Ramamoorthi na Hanrahan wa Chuo Kikuu cha Stanford walilionyesha hili mwaka 2001, wakaeleza kwamba kwa nambari 9 kosa la wastani ni takriban asilimia 1. Watu wengi huikumbuka ile asilimia 1 na kulisahau neno wastani. Mbingu yenye mawingu iko chini ya wastani huo. Jua tupu liko juu yake, mbali sana.

Tuchukue basi hali mbaya kuliko zote: nukta moja ya mwanga, hakuna mbingu wala ardhi, yenye nguvu ya 1 kwa uso unaoielekea moja kwa moja. Tuite c kosaini ya pembe iliyopo kati ya mwelekeo wa uso na jua. Ukweli ni kwamba uso unapata c ikiwa c ni chanya, na haupati kitu ikiwa umelipa jua kisogo. Nambari 9 zinakupa kitu kingine:

3/32 + c/2 + 15c²/32

Weka c = 1, uso unaolitazama jua: unapata 1.0625, asilimia 6 zaidi ya haki yake. Hakuna atakayegundua, na ndiyo maana upande ule unakupendeza. Weka c = 0, uso ambao jua linaupitia sambamba: ulipaswa kupata sifuri, unapata 0.094. Weka c = −1, kisogoni kabisa: unapata 0.0625. Hilo ndilo jua lako la pili. Sasa angalia kati ya hizo mbili za mwisho. Kuanzia nyuzi 104 hadi nyuzi 145 kutoka lilipo jua, jibu ni hasi, na shimo linafika chini kabisa kwenye nyuzi 122, ambako uso unapewa karibu −0.04.

Rudi kwenye gari lako. Jua liko chini, linapiga ubavu mmoja. Ubavu wa pili uko karibu nyuzi 180 kutoka kwenye jua, kwa hiyo unapata ile asilimia 6 ya bure. Mlango wa nyuma uko kwenye nyuzi 90. Bodi inapojipinda polepole kutoka mlango wa nyuma hadi ubavu wa kivuli, inapita nyuzi 104, 122, 145, shimo lote, ndani ya sentimita chache za bati. Ukanda wako uko hapo. Geuza gari na utaona ukanda unabaki palepale kulingana na jua, ukihamia kwenye bati jingine.

Ile rangi nayo ina maelezo yake. Tuseme jua la jioni linaupa uso unaolielekea nyekundu 10, kijani 6, buluu 3, na mbingu inaupa upande wa kivuli nyekundu 0.3, kijani 0.35, buluu 0.5. (Nambari hizi ni za mfano tu, lakini jioni huwa na sura hiyo.) Kwenye nyuzi 122 jua linaondoa asilimia 4 ya kila rangi yake: nyekundu inapoteza 0.4, kijani 0.24, buluu 0.12. Kinachobaki ni nyekundu −0.1, kijani 0.11, buluu 0.38. Sheda, ile programu ndogo inayokokotoa rangi ya kila pikseli, inaikata nyekundu kwenye sifuri. Rangi nyeupe ya matatu sasa inaonekana buluu, na mchoro mwekundu hauna mwanga wowote wa kurudisha, kwa hiyo unakuwa mweusi. Kisogoni mambo yanageuka: unaongezewa 0.625 ya nyekundu na 0.19 tu ya buluu, na kivuli kinapata joto la machungwa lisilotoka popote.

Ona pia kwamba kukata hasi kwenye sifuri, dawa ambayo wengi huikimbilia, hakurekebishi kitu. Kufikia wakati unakata, nyekundu ya mbingu imeshaliwa yote na kijani zaidi ya nusu. Mwanga wa bure kisogoni ni chanya, kwa hiyo unapita bila kuguswa.

Kuhusu kuongeza daraja: la 3 ni sifuri, kwa hiyo halileti chochote. La 4 linaleta nambari 9 zaidi, na unakuwa na 18 za kubeba kwa kila rangi. Kwenye nyuzi 122 shimo karibu linazibika, linabaki −0.008. Lakini kisogoni, palipokuwa na +0.0625, sasa pana −0.031. Umelipia mara mbili ili kulihamisha shimo kutoka kwenye pembe hadi ubavuni. Kwa gemu ya simu, sikushauri.

Tiba ni kulitoa jua. Upana wake angani ni kama nusu ya nyuzi moja, na eneo lake ni sehemu moja tu kati ya takriban 185,000 ya tufe zima. Kwenye picha ya pande zote yenye upana wa pikseli 2048, upana huo ni pikseli 3 hivi. Kuzilazimisha nambari 9 zibebe kitu cha namna hiyo ni kama kupaka kucha rangi kwa brashi ya ukutani. Taa ya kawaida ya mwelekeo mmoja, kwa upande mwingine, inalibeba jua bila kosa la kuonekana na kwa gharama ndogo sana: kosaini moja, ikatwe kwenye sifuri, basi. Na taa hiyo unaweza kuipa kivuli cha kweli chini ya gari, jambo ambalo hamoniki zako haziwezi.

Fanya hivi. Kwenye picha, zungushia jua duara la nyuzi 2 au 3, ujumlishe mwanga wa pikseli za humo, kila moja ikizidishwa kwa eneo lake angani. Jumla hiyo, baada ya kuondoa kile ambacho mbingu ya jirani ingetoa mahali hapo, ndiyo nguvu ya taa yako. Kisha jaza duara kwa rangi ya mbingu inayolizunguka, na picha iliyobaki ndiyo uigeuze kuwa hamoniki. Mng'ao mpana wa vumbi la jioni kuzunguka jua uache ulivyo. Huo ni laini, nambari 9 zinauweza. Uache pia mwanga wa jua uliogonga ukuta wa jirani na lami ukarudi. Ni wa kweli, na ndio unaoufanya upande wa kivuli uonekane uko Nairobi na si hewani.

Kuna mtego mmoja hapa. Kamera nyingi hushindwa kulipima jua: hata kwa picha ya haraka kabisa, pikseli zile zinafika kikomo, na jumla unayopata ni ndogo kuliko ukweli. Chukua karatasi nyeupe isiyong'aa, uielekeze kwenye jua, uipige picha. Kisha kwa mipangilio ileile ya kamera, zuia jua kwa kiganja ukiwa mbali kidogo, kivuli kiifunike karatasi, upige tena. Tumia faili ghafi za kamera, maana picha iliyokwisha kupambwa na simu imepoteza uwiano. Picha ya pili ni mbingu na mazingira. Ukiitoa kwenye ya kwanza unabaki na jua peke yake. Hamoniki za picha yako isiyo na jua zitakuambia mbingu inatoa kiasi gani kwa mwelekeo uleule wa karatasi, kwa hiyo uwiano wa zile picha mbili unakupa nguvu ya jua kwa vipimo vyako mwenyewe, pamoja na rangi yake.

Na usidhani ni jambo la jioni tu kwa kuwa jioni ndipo ulipoliona. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na mwezi wa Machi na wa Septemba jua la saa sita na nusu mchana hupita karibu utosini. Jua likiwa ndani ya hamoniki saa hiyo, kila ukuta ulio wima unasimama kwenye nyuzi 90 na kupokea asilimia 9 ya jua bila haki, pande zote nne, na tumbo la gari linapokea asilimia 6. Hakuna ukanda wa kukushtua. Kinachotokea ni kwamba jiji zima linakosa ule ukali wa mchana, vivuli vinapauka, nawe unaanza kurekebisha rangi za kuta na kupunguza mbingu ukitafuta kosa mahali lisipokuwepo. Mimi naliona hili kuwa baya kuliko ukanda wa buluu, kwa kuwa linaharibu kazi yote inayofuata.

Usiku, kanuni ni hiyohiyo: taa kali ya barabarani au bango la umeme lililo karibu litolewe liwe taa, mengine yaachwe.

Ukishalitoa jua, hasi huwa zinatoweka kwenye mandhari nyingi za nje. Ndani ya nyumba, ambako mwanga wote unaingia kwa dirisha moja au mlango wa duka, zinaweza kubaki. Hapo ndipo kufifisha madaraja kunapofaa, na hapo ndipo naona watu wakipotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Desturi ni kuyazidisha madaraja ya juu kwa nambari ndogo kuliko 1, kwa kutumia kinachoitwa dirisha. Dirisha la Hann lenye upana wa 3 linalipunguza daraja la 1 hadi 0.75 na la 2 hadi 0.25. Inaonekana ni tahadhari ya kutosha. Fanya hesabu kwa ile nukta yetu ya mwanga: kwenye c = −1 unapata −0.047, hasi kubwa kuliko uliyoanza nayo, na upande wa jua umeporomoka hadi 0.70. La Lanczos lenye upana huohuo linakupa −0.034. Sababu ni kwamba daraja la 2 lina c², ambayo ni chanya pande zote mbili, na ndiyo inayoinua sehemu ya kisogoni ambayo daraja la 1 linaivuta chini. Ukilikata sana daraja la 2 huku la 1 ukiliacha na nguvu, umeondoa nguzo na kuacha mzigo.

Ukitafuta vizidishi vinavyogusa sifuri bila kuvuka, huku daraja la 1 likibaki na nguvu nyingi iwezekanavyo, unapata √3/2 kwa daraja la 1, yaani 0.866, na 0.8 kwa la 2. Fomula inakuwa 0.125 + 0.433c + 0.375c². Chini kabisa, kwenye nyuzi 125, ni sifuri kamili. Juu ni 0.93. Na kwa kuwa mazingira yoyote ni jumla ya nukta za mwanga, na hakuna nukta inayotoa hasi, hakuna mazingira yatakayokupa hasi, kwa uso wowote, kwa rangi yoyote. Vizidishi hivi viwili unaviweka mara moja wakati wa kutengeneza data; sheda haiguswi. Gharama yake ni mbili. Mazingira yasiyokuwa na shida nayo yanapoteza ukali kidogo, na mwanga wa bure haupungui: kwenye nyuzi 90 unapanda hadi 0.125. Ndiyo maana dawa hii haichukui nafasi ya kulitoa jua.

Mtafiti wa michoro ya kompyuta Peter-Pike Sloan alieleza mwaka 2017 njia ya kutafuta, kwa kila mazingira, kiasi kidogo kabisa cha kufifisha kinachoondoa hasi. Ni njia nzuri kwa chumba kimoja. Lakini gari lenu linatembea, na nadhani mtakuwa na vituo vingi vya mwanga barabarani, kila kimoja na nambari zake 9, ambavyo gemu inachanganya viwili viwili njiani. Kila kituo kikififishwa kwa kiasi chake, ukali wa vivuli utapanda na kushuka gari likipita, na jicho hushika hilo upesi. Chagueni kiasi kimoja kwa barabara nzima, kile kinachohitajiwa na kituo kibaya kuliko vyote.

Kama mtashawishika kushuka hadi daraja la 1 pekee kwa simu dhaifu, nambari 4 badala ya 9, jueni kwamba bila kufifisha nukta ya mwanga inafika −0.25 kisogoni, na ili kuondoa hasi lazima daraja la 1 likatwe nusu, jambo linalofanya kila kitu kionekane kimepauka. Geomerics, kampuni iliyotengeneza programu za mwanga wa gemu, walibuni fomula isiyo ya mstari kwa nambari hizo 4 ambayo haitoi hasi na inatunza ukali vizuri. Ningeijaribu hiyo kabla ya kukata. Ila kwa kuwa 27 mnazimudu tayari, sioni sababu ya kushuka.

Kabla ya yote haya, thibitisha mambo mawili kwenye kodi, kwa sababu yakiwa mabovu dalili hufanana. Weka mazingira meupe yenye thamani 1 kila upande: uso wowote unapaswa kupata π, au 1 kama programu yako inagawanya kwa π. Ukipata kitu kingine, vile vizidishi vya π, 2π/3 na π/4 vimesahauliwa au vimewekwa mara mbili. Vikisahauliwa, mawimbi, yaani yale mashimo na mwanga wa bure, ni makali zaidi kwa mbali: jua moja linatoa shimo la hasi lenye ukubwa wa mara 1.8 ya wastani, na kisogoni theluthi nzima ya kilele. Pili, jumlisha maeneo ya pikseli zote za picha yako. Lazima ifike 4π, karibu 12.566. Ikiwa umeibadilisha picha kuwa mchemraba wa pande 6, pikseli ya kona ina eneo la angani kama moja ya tano tu ya pikseli ya katikati, na ukizihesabu zote sawa, mbingu yako itaelemea kwenye kona nane.

Kisha tengeneza mpira mweupe usiong'aa, uuzungushe mbele ya kamera chini ya data ya jioni isiyo na jua, taa ya jua ikiwa imezimwa, na uchapishe thamani ndogo kabisa ya kila rangi. Zote zikiwa chanya, washa taa ya jua na urudishe gari. Piga pia picha moja ya mbingu ya Julai iliyofunikwa na mawingu, ambayo haina jua la kutoa. Hiyo nambari 9 zitaibeba vizuri bila kufifishwa, na itakupa kipimo cha kulinganishia jioni yako.